Tulivyompa Pole Mlinzi wa Picha

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa najitolea katika jumba moja la sanaa hapa Toronto, na nilitamani sana kuwa mwongoza wageni. Jaribio la kwanza nilishindwa. Msimamizi, bibi mmoja mpole, alisema naeleza mno hadi wageni wanasinzia wamesimama. Akanipa nafasi ya mwisho: nilete kundi langu, niliongoze kwa Kiswahili, naye afuate nyuma aone kama wananisikiliza.

Nikawaleta akina mama wa kanisani kwetu, mtaa wa Weston. Walikuja kwa treni, vitenge sare, na maandazi mikobani ingawa niliwakataza.

Tulipofika kwenye picha moja ndogo ya rangi za mafuta, kazi ya Mfaransa aliyechora mambo ya dini, mama mwenyekiti alikunja uso.

"Mwanangu, malaika huyu mbona hana pua?"

Swali zuri, nikamwambia, nikaanza taratibu. Mchoraji akipewa ukuta mzima wa kanisa, haanzi na ukuta. Huchora kwanza picha ndogo ya kujaribia: mwanga utoke wapi, mtakatifu apige magoti upande gani. Pua husubiri. Ndiyo maana hata alama za brashi unaziona.

"Kama kuonja mchuzi kabla wageni hawajafika," akasema mama mwingine.

"Hasa!"

"Sasa ile kubwa iko wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Hakuiwahi. Alikufa bado kijana."

"Mungu wangu!" Mikoba ikashuka sakafuni. "Alikufa na nini?"

"Kifua, mama. Lakini ni zamani, hata babu zetu hawajazaliwa."

"Kwani msiba ni maziwa, uharibike?"

Mmoja akaanzisha wimbo wa maombolezo, kwa sauti ya chini, wenzake wakampokea. Nikageuka. Msimamizi alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Nikajua nafasi yangu imepotea.

"Akina mama, twendeni, kuna vyumba vingine."

"Tuondoke msibani bila kumpa mtu pole?" mwenyekiti akaniuliza. "Wewe umelelewa wapi? Mfiwa ni nani hapa?"

"Hana ndugu Toronto, mama."

"Na yule?"

Pembeni ya picha alisimama mlinzi: suti nyeusi, mikono ameikutanisha mbele, kichwa ameinamisha.

"Yule ni mlinzi tu."

"Si ndiye anayeshinda naye kutwa? Basi nani zaidi yake?"

Wakajipanga foleni. Kila mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, baba. Jikaze." Mlinzi, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, akatabasamu na kujibu kwa Kiingereza: "Na ninyi pia! Na ninyi pia!"

Nilipowatafsiria, mwenyekiti akatikisa kichwa. "Maskini. Uchungu umemchanganya." Akamtilia andazi mfukoni.

Niligeuka nimweleze msimamizi, nimwombe radhi, ikibidi nimsihi. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa mwisho wa foleni, ameshatoa mikono yote miwili.

Nilipita. Alisema hajawahi kuona wageni wakikaa na picha ile muda wote huo. Wengi huipita wakitafuta choo. Ila alinipa sharti moja, nalo nimelishika hadi leo: mchoraji yule nisimuue mpaka tumekaribia mlango wa kutokea.