Tairi Nyembamba Mpaka Ushongo

Badru alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya geti la nyumba moja ya Raskazone, mjini Tanga. Alikuwa mlinzi wa mchana. Alfajiri alitoka chumbani kwake Mabawa, magharibi akarudi, na katikati ya hapo kazi yake ilikuwa kufungua geti, kufunga geti na kuangalia ukuta. Watu hudhani kukaa hakuchoshi. Badru alirudi nyumbani magoti yamekaza kama ya mtu aliyeshinda akipakia magunia, akala alichokipata, akalala na nguo zake.

Kila baada ya wiki mbili alipata siku mbili za mapumziko, na siku hizo alizilala zote. Hapo ndipo palipokuwa na maneno baina yake na dada yake. Najat alikuwa Ushongo, kijijini kwao, ng'ambo ya Pangani, akimuuguza mama yao, Bi Mwamvua, aliyepigwa na kiharusi mwaka mmoja na nusu uliopita. Upande mmoja wa mwili ulilala, na maneno yakabaki machache. Badru alikwenda mara moja tu, wiki ile ya kwanza. Tangu hapo, kila alipoulizwa atakuja lini, alisema kachoka. Hakuwa akisema uongo. Ila yeye alijua, na Najat naye alijua, kwamba uchovu ule haukuwa wa kazi peke yake. Aliogopa kumwona mama yake vile.

Siku moja alikuta baiskeli stoo. Bi Azza, mwenye nyumba ile ya Raskazone, alitaka stoo isafishwe, na nyuma ya magodoro yaliyooza ikaonekana baiskeli ya mbio ya miaka ya themanini: fremu nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, yote imevaa kutu.

"Ya kaka yangu Ayman hiyo," alisema Bi Azza. "Ujanani akishindana nayo. Sasa yuko Maskati, hata ngazi zinamshinda. Unaitaka, Badru?"

"Naitaka, bibi," alisema Badru, na mwenyewe akajishangaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kutaka kitu.

Aliisukuma hadi Ngamiani kwa Timotheo, fundi baiskeli, Mbondei wa Muheza. Timotheo aliizunguka mara mbili, akaigonga fremu kwa kucha.

"Chuma kizuri hiki. Lakini mimi na pancha za watu hizi, nafasi sina. Njoo uifanye mwenyewe, nitakuelekeza."

Ikawa kazi ya miezi mitano. Siku zake za mapumziko, badala ya kulala, Badru alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, mikono imejaa grisi. Bomba la kiti lilikuwa limegandamana ndani ya fremu. Walilimwagia mafuta ya taa wiki nzima ndipo likalegea. Gololi za ekseli zilikuwa zimelika upande mmoja. Spoki kumi na moja zilikatika mkononi, moja baada ya nyingine. Tairi nyembamba kiasi kile hazikuwepo Tanga nzima, zikaagizwa Mombasa, na za kwanza zilizokuja hazikuingia kwenye rimu. Badru alisugua kutu kwa msasa mpaka bega likamuuma, na maumivu yale hayakumchukiza. Pale kwa fundi hakuna aliyemuuliza habari za mama.

"Leo tumefunga cheni," alimwambia Najat kwa simu. "Bado breki. Ikiisha nitakuja nayo huko huko."

Nyuma ya Najat mama yao alisikika akikohoa.

"Kaka," alisema, "na huku nako mtu anaoshwa, anapakwa mafuta, anageuzwa. Kila siku. Hiyo baiskeli imekaa stoo miaka thelathini, wala haikulia."

Wiki mbili baadaye breki zilikuwa tayari, na udhuru wote ukawa umemwishia Badru.

Aliondoka Mabawa baada ya swala ya alfajiri. Mwanzoni palikuwa na raha: lami laini, cheni inaimba kidogo kidogo, upepo masikioni. Alipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Kigombe, raha ilikuwa imekwisha. Ule usukani ulimkunja mgongo, viganja vikafa ganzi, mapaja yakawaka moto. Bodaboda mmoja alimpita akampigia kelele, "Mzee, wenzio wameshafika!" Badru hakuwa na pumzi ya kucheka.

Adhuhuri alivuka mto Pangani kwa pantoni, amesimama kati ya mbuzi na magunia ya mkaa. Ng'ambo, baada ya Bweni, ulianza mchanga. Tairi zile zilizama kama kisu. Akashuka, akasukuma, penye ugumu akapanda, palipolegea akashuka tena. Mara mbili alikaa chini kwenye kivuli cha mkorosho akafikiria kurudi. Kilichomwinua hakikuwa ushujaa. Kurudi kulikuwa mbali zaidi.

Alasiri alifika. Najat alitoka mlangoni, amekonda, macho yameingia ndani. Badru aliiegemeza baiskeli ukutani.

"Njia ile, dada..."

Najat hakuitazama hata baiskeli. "Umekuja kupumzika au umekuja kusaidia?"

"Kusaidia."

"Basi sikiliza. Mgeuze kila baada ya saa mbili, asitoke vidonda. Uji mpe kidogo kidogo, akikohoa subiri. Wakati wa kumwosha, mwite Samiha, jirani wa hapo." Akaingia chumba cha pili, akajitupa mkekani na khanga zake, akalala. Aliamka kuswali tu, kisha akalala tena, mpaka jua la siku ya pili lilipokuwa limepanda.

Badru aliingia kwa mama yake. Mama alionekana mdogo sana pale kitandani.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwamvua alimkazia macho muda mrefu. "Yasini?" aliuliza. Yasini alikuwa kaka wa mama, marehemu siku nyingi.

Badru alitaka kumsahihisha, akaacha.

"Umechoka," alisema mama, neno likitoka upande mmoja wa mdomo.

"Nimechoka."

Alimlisha uji kwa kijiko cha chai, ukachukua karibu saa nzima. Alipoinama kumgeuza, mgongo uliokunjwa na usukani ukamkatika, akauma meno. Baada ya saa mbili akainama tena, na baada ya saa mbili nyingine. Alikuwa amefanya kwa siku moja, na Najat kwa karibu miaka miwili. Kati ya zamu na zamu alikaa karibu na kitanda, akamsikiliza mama yake akipumua, na hofu aliyoikimbia miezi yote ile ikawa imegeuka kazi tu, yenye saa zake.

Asubuhi Najat alitoka, uso umevimba kwa usingizi, akamkuta anafua mashuka.

"Nitakuja kila mapumziko," alisema Badru.

"Usiniahidi, kaka. Njoo tu."

Njia ya kurudi alipata pancha mbili, na kesho yake alikaa getini hawezi kunyanyua miguu. Safari ya pili alikuwa amejifunza: baiskeli aliiacha Bweni kwa muuza kahawa, mchanga akaumaliza kwa bodaboda. Najat alikuwa amekwisha vaa baibui, mkoba mkononi; anakwenda Pangani kwa shoga yake, akalale huko. Hakumuuliza habari za njia.

"Uji uko jikoni," alisema, akatoka.