Mbuzi Anafanya Nini?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipompigia mtoto makofi huku mbuzi akinimalizia kunde.

Nilikuwa nimeolewa Masii, bado msichana tu, na Mutua, kifungua mimba wangu, alikuwa anakaribia miaka mitatu. Nilikuwa nimebandika ukutani picha za kalenda kuukuu, na kila jioni nilimwonyesha kwa kidole: kikombe, ng'ombe, gari. Aliyajua majina yote. Wenzangu kanisani walichoshwa na majigambo yangu. Lakini moyoni nilikuwa na hofu, kwa sababu watoto wa rika lake walisema "nataka kula" na "twende", na wangu alisema "ugali", kisha akanyoosha kidole. Majina matupu. Niliogopa kwamba ana kasoro, na sikumwambia mtu, hata baba yake.

Siku hiyo nilikuwa nafua, Mutua akaja mbio akiita, "Mbuzi! Mbuzi!" Nikamsifu kwa kujua jina, nikampigia makofi, nikarudia nguo zangu. Akaita tena na tena hadi akalia. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu, ndiye aliyemkuta mbuzi ndani ya kunde, mistari miwili imekwisha. Alimfukuza, akaja akasimama mbele ya karai langu.

"Mama Mutua, mtoto amekuletea habari nusu, na wewe unampigia makofi. Hii nusu ingine nani atamfunza?"

Niliona haya, nikamweleza hofu yangu yote papo hapo. Hakunicheka. Alisema mtoto haonekani mgonjwa, ila nimemfunza kwa picha, na kwenye picha hakuna anayefanya kitu. Kesho yake akamketisha kando yake akipepeta maharagwe. Mkono ukifanya, mdomo unasema: napepeta, na wewe pepeta. Umemwaga, haya okota. Mimi niliyependa nyumba safi nilijikaza tu, nikitazama maharagwe yakitapakaa.

Wiki zikapita bila kitu. Kisha asubuhi moja nimeinama natafuta majani ya chai, nikasikia nyuma yangu, "Mama, maziwa inapanda."

Kweli, sufuria ilikuwa karibu kufurika. Niliiepua, nikaketi chini nikalia kwa furaha, maana mzigo ule wote ulikuwa umenitoka. Mutua akanitazama akasema, "Mama analia."

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayemwonyesha mtoto picha kwenye simu, sikukatazi. Lakini mpe pia mwiko akoroge, mpe ufagio afagie vibaya, na utaje kila tendo wakati mikono yake inalifanya. Akikuambia "kuku", muulize kuku anafanya nini, kisha ungoje. Usimjibie. Na ukiona anachelewa, mpeleke kwa daktari mapema, usikae na hofu peke yako kama mimi.

Mungu akujalie mtoto wa kukusimulia kila kitu, hadi siku moja umwombe anyamaze kidogo upumzike.