Kasha la Bibi

Juzi mwanangu, akicheza mchezo wa simu, aliniuliza, “Baba, joka haliendi dukani. Mbona linalalia dhahabu?”

Nikamkumbuka bibi yangu wa Konde. Vurugu za uchaguzi zilipomkimbiza mwanawe, ami yangu, hadi Mombasa, bibi alikiacha kitanda, akawa analala juu ya kasha lake. Nikaamini limejaa dhahabu.

Alasiri moja, uani kukinukia karafuu mbichi, nilimkuta kalifungua, uso kauzamisha katika shati kuukuu la ami. Ndani hamkuwa na kitu kingine.

“Ni hili tu, bibi?”

“Ndilo hili, mjukuu wangu. Sijalifua.”

Ami hakurudi tena. Nami jioni ile nilikuwa nyuma ya jiko, nachimba, natafuta bibi alikoihamishia dhahabu.