Sweta la Kompyuta

Kompyuta yangu ilikuwa na sweta. Mama alilifuma kule kwetu Ibaba, kwenye baridi ya milimani, ambako redio haikai mezani bila kitambaa na hata chupa ya chai huvalishwa. Alikuwa amesikia kwamba mbele ya duka langu la kuchapa, Tunduma, malori ya mpakani yanatimua vumbi mchana kutwa. Nilimpelekea kamba niliyopimia lile boksi la chuma la kompyuta, akanirudishia sweta zito la rangi nyekundu na nyeupe, lenye vifungo. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Macho yalikuwa yanafifia, na alipolimaliza aligawa sindano zake zote.

Kompyuta yenyewe niliinunua ikiwa kuukuu, na sikuwa na nyingine. Asubuhi ilichapa vizuri. Ikikaribia saa sita, maandishi yanaganda, skrini inakuwa bluu, na nikiiwasha tena inapiga milio tu.

"Hiyo ni RAM, dada," fundi wa jirani aliniambia. "Memori yake inayumba."

Mimi sijawahi kuona kitu kimefungwa nikakiacha. Nililivua sweta, nikafungua boksi, nikachomoa RAM zote mbili, vile vibao vya kijani, nikasugua meno yao ya dhahabu kwa ufutio wa penseli. Nikajaribu kimoja: ikachapa. Nikajaribu cha pili: ikachapa. Nikavirudisha vyote, nikaivisha sweta na kufunga vifungo kama ninayempeleka mtoto shule. Kesho yake saa sita, bluu.

Iliniudhi, lakini ilinivutia zaidi. Iweje nikiikagua ni nzima, nikiiamini inaugua? Siku moja ilipozima sikungoja. Nilipenyeza mkono chini ya sweta, nikautoa haraka. Palikuwa pa moto kama jikoni. Nikajaribu RAM zikiwa bado na joto: moja ikafanya kazi, nyingine ikalia. Ilipopoa, ile iliyolia nayo ikafanya kazi. Kumbe siku zote nilikuwa nikiipima ikiwa imeshavuliwa na kupoa.

Nikaliweka sweta kitini, na mashine ikachapa hadi jioni. Nilishangilia peke yangu. Kisha nikaliangalia lile sweta, moyo ukaniuma. Nitamwambiaje Mama kwamba kazi ya mwisho ya macho yake ndiyo inayoniulia mashine?

Sikumwambia. Alipokuja Tunduma kutibiwa, niliivisha mashine sweta tangu asubuhi, kabla hajafika dukani. Aliingia akipapasa meza mpaka akalipata sweta. Akatabasamu. Mkono wake ukabaki pale, na tabasamu likaondoka.

"Ina homa hii."

"Ndivyo zilivyo, Mama."

"Zilivyo nini? Wewe ulipokuwa na homa nilikuvua hata gauni. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Ni sweta lako, Mama. Nilishindwa kulivua."

Alifungua vifungo kimoja kimoja, vidole vyake vikijua njia, akalivua lote. Nilijua amenuna, nikaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza. Yeye alikuwa anajitanda lile sweta mabegani.

"Tangu nimefika nasikia baridi," alisema, "wala hujaniuliza."