Nguzo Iliyokataa Rangi

Nilipokuwa mtoto, kabla hata sijajua kuandika jina langu vizuri, nilijua kwamba nguzo ya duka la nyanya yangu ina masikio. Tulimwita Akko, kama Waborana wanavyowaita nyanya zao, na duka lake lilikuwa la mbao tupu, kuta hadi rafu, katika uwanja wa soko la zamani la Isiolo. Kila Ijumaa alikaanga buni kwenye samli yenye chumvi, akatuombea baraka, akanipaka kidogo kwenye paji la uso. Samli iliyobaki aliipaka nguzo ya mlango. Mama yake alifanya hivyo kabla yake, na nguzo ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu.

"Hii inasikia," aliniambia. "Mtu akija na nia mbaya, itamkataa."

Niliamini kabisa. Siku nilizokuwa na hasira nilipitia mlango wa nyuma.

Kaunti zilikuwa changa wakati huo na kila mkubwa alitaka kujenga kitu. Asubuhi moja afisa aliingia sokoni na kijana mwenye mkebe wa rangi nyekundu. Kibanda chochote kitakachochorwa X kingebomolewa, lije soko la kisasa. Sisi tungekwenda wapi, hakuna aliyesema. Akko alikuwa na duka hilo tu, nami nilikuwa na Akko tu. Nilishika leso yake.

"Habari ya asubuhi, shosho?" afisa alisalimia, na kabla hajajibiwa akamwonyesha kijana nguzo. Kijana akachora. Rangi ikajikusanya matone matone, ikateremka taratibu hadi kwenye viatu vya afisa. Akachora tena. Ikateremka tena.

"Mkubwa, hii mti imekataa," kijana akasema, akirudi nyuma.

"Mti inakataa aje? Leta hiyo brashi!"

Afisa akaegemea nguzo kwa mkono mmoja ili apake vizuri. Mkono ukateleza, naye akajikuta amepiga magoti mbele ya Akko. Akko akadhani amekuja kutaka baraka. Akamwekea mkono kichwani, akamwombea mvua na watoto wengi.

Walipoondoka, jirani yetu Mama Kinya, Mmeru aliyeuza mboga, alikuja akinong'ona. "Mimi nimeokoka, sitaki mambo ya mizimu. Lakini hiyo samli imebaki?"

Ilibaki kidogo, ikaisha upesi. Wengine wakatumia mafuta ya nyama, wengine ya kupikia, na wote wakatia chumvi nyingi wakifuata ya Akko. Kufikia jioni soko zima lilikuwa linang'aa.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni mbuzi. Afisa aliporudi kesho yake na askari wa kaunti, alikuta mbuzi wote wa mtaa wa Bulla Pesa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanalamba soko. Askari wakawasukuma, wakateleza wenyewe, wakaangukia sukuma wiki ya Mama Kinya. Afisa alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia letu la sukari, na Akko akampa chai.

"Sasa shosho, nyinyi mnataka nini?"

"Mtuulize kwanza," Akko akasema. "Hiyo tu."

Mkutano ukaitishwa pale pale uwanjani. Mbao zilibomolewa hatimaye, lakini kila mmoja wetu alipewa nafasi katika soko jipya, na Akko akahamia na nguzo yake.

Sasa Akko hayupo na duka ni langu. Nguzo iko mlangoni, haishikilii chochote. Najua rangi haishiki kwenye mafuta, fundi yeyote atakuambia. Lakini mafuta hayo yalitoka kwenye vidole vya mwanamke niliyempenda kuliko watu wote, na kila Ijumaa ninaongeza yangu. Duka hili la saruji halina mlango wa nyuma, kwa hivyo siku nikiamka na hasira, hukaa nje kwanza mpaka iishe.