Mapile ya radio na ile nyota yenye mkia

Leo nimeacha sahani ya bukari, ugali wetu, nusu, nikatoka kwenye ubatizo wa mjukuu wa Papa Séverin bila kuaga.

Kabla ya kunilaumu, someni.

Miaka ile ya tisini, kiwanda cha mji kimesimama, mishahara hakuna, tulikuwa watatu hapa Likasi wenye wazimu wa nyota: mimi, Séverin na marehemu Mwalimu Ilunga.

Chombo cha angani kilikuwa kinaenda kupita karibu na nyota yenye mkia. Habari tungeipata kwenye radio tu.

Kununua mapile mapya, yaani betri? Na pesa gani?

Mwalimu alitafuta manne yaliyokwisha, akayaanika juani juu ya mabati wiki nzima ili yapate nguvu. Siku moja kabla, tukayatia ndani ya radio, tukamwachia Séverin. Hakuna kuigusa.

Kesho yake tumeinama, masikio kwenye radio. Ikasema, "Chombo kimekaribia..." ikazimika.

Mwalimu alijilaumu mpaka anakufa. Alisema aliyaanua mapema.

Leo Séverin, mbele ya wageni, anacheka:

"Miye njo nilimalizaka ile mapile. Muliniachia tu radio, nikasikiliza mupira mpaka mwisho."

Anacheka, jamani.

Nikamwambia, "Ilunga alikufa akijua ni kosa lake."

"Aa, weye pia. Mambo ya zamani, acha ipite."

"Haya. Nani alishinda?"

Akafikiri, tonge mkononi.

"Kusema kweli, hata timu sikumbuki."