Mkanda Uliolia Ndani ya Vigelegele

Jana, nikiwa maktabani na tasnifu yangu ya uzamili, gari kuukuu lilipita nje likitoa ule mlio mwembamba wa mkanda wa injini unaoteleza. Nilijikuta nimesimama, nikisubiri vigelegele. Havikuja. Tangu hapo, rafiki yangu, sijaandika hata aya moja.

Utoto wangu ulikuwa Ruiru, miaka ile ya hali ya hatari ya mkoloni, ambapo mtu hakusafiri bila kibali. Shangazi yangu alikuwa anaolewa Thika, na kibali cha bwana harusi kuwapo mjini humo kilikuwa kinakwisha alasiri hiyohiyo. Asubuhi uani kulinukia mukimo wa viazi na mahindi na moshi wa kuni. Jirani yetu Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, akaleta gari lake la zamani, na nyanya yangu, tuliyemwita cucu, akanipakata kiti cha nyuma, kando ya shangazi na wanawake wengine wawili.

Walipiga vigelegele tangu langoni. Kumbe ndani yake mkanda wa feni nao ulikuwa ukilia, wala hakuna aliyetofautisha. Katikati ya mashamba ya kahawa, taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani na rejeta ikafoka mvuke.

Jirani alifungua boneti, akaukaza mkanda, akawasha, ukateleza. Akaukaza zaidi, ukalia zaidi.

"Mama, nyamazeni kidogo," alimwomba cucu. "Nisikie kama ni mkanda ama ni puli inayouzungusha."

"Bibi harusi hapelekwi kimya kama maiti," cucu akajibu. "Tumia macho, mwanangu. Mungu alikupa mawili."

"Macho yanaona mkanda mpya, mama!"

Wanawake walicheka, wakaongeza sauti. Jua lilizidi kupanda. Ndipo shangazi, ambaye kwa desturi hakupaswa kushuka wala kusema neno, alipoupiga teke mgongo wa kiti cha mbele.

"Nyamazeni nyote! Mnataka kibali kiishe nikiwa nimekaa hapa na shela?"

Wakanyamaza. Chini ya ule mlio tukasikia kitu kingine: mgongano mzito, ko, ko, ko. Jirani alizima injini, akaishika dainamo kwa mkono, ikacheza. Bolti yake ilikuwa imelegea, hivyo puli yake ilikaa upande na kuutoa mkanda kwenye mstari, na kila alipoukaza ndivyo alivyozidi kuipinda dainamo. Akainyoosha, akakaza bolti, tukaongeza maji. Shangazi aliolewa kibali kingali hai.

Miezi michache baadaye mumewe alipelekwa kizuizini, na hakurudi. Shangazi akaja kuishi katika chumba kimoja uani kwetu.

Nimefunzwa kutenganisha kisababishi na sadfa. Najua bolti ni bolti. Cucu hakuwahi kukitaja kimya kile cha njiani. Ila kila jioni, kabla ya kukoleza moto, alisimama mbele ya mlango wa shangazi na kupiga vigelegele peke yake. Je, alikuwa akimlaumu, akimfariji, au akijaribu kurudisha kitu? Nimeligeuza swali hili kila upande, na kila upande linanipotosha. Cucu hayupo tena, shangazi naye hayupo, na mashamba yale ya kahawa sasa ni nyumba za kupanga.

Ninachokumbuka kwa hakika ni kwamba, kutoka ndani, shangazi hakuwahi kuitikia, wala hakuwahi kumwambia anyamaze.